Thomas Midgley na Mlio wa Injini

Wasomaji wetu wengi wanaujua mlio huu. Pikapu kuukuu ya petroli imepakia mbolea mjini Arusha, yapandisha kwenda Ng'iresi, dereva ameng'ang'ania gia kubwa, na mara husikika ndani ya injini mlio mkali kama changarawe zitikiswazo katika debe. Akipunguza mafuta, mlio hukoma. Akikanyaga tena, hurudi. Mwenye gari hulaumu petroli, fundi hulaumu plagi, dereva hulaumu mlima. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita wataalamu wa Marekani walikuwa wakilaumiana vivyo hivyo, na aliyeukata ubishi huo ni Bwana Thomas Midgley.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei, 1889, katika mji wa Beaver Falls, Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake naye alikuwa mvumbuzi. Alisomea uhandisi wa mashine katika Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza mwaka 1911. Kemia, elimu iliyomletea sifa, hakuisomea chuoni kama fani yake. Alijifundisha mwenyewe akiwa kazini.

Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton chini ya Charles Kettering, yule aliyetengeneza stata ya umeme ya motokaa. Kettering alikuwa na shida. Injini za siku zile zilianza kugonga vibaya, na watu walisema kwamba kosa ni la mtambo wake wa kuwashia moto kwa betri. Kadhalika alikuwa akiuza mitambo midogo ya umeme kwa wakulima, nayo ilipotiwa mafuta ya taa iligonga sana. Basi akamtwika Midgley kazi ya kutafuta sababu.

Kijana huyo hakuanza kwa kubadilisha vyuma. Alitaka kwanza kuona. Alitumia chombo chenye kioo kidogo, kilichomulika juu ya karatasi ya picha jinsi msukumo unavyopanda na kushuka ndani ya silinda. Akagundua kwamba msukumo ule wa ghafula hautokei kabla ya cheche ya plagi, bali baada yake. Cheche huwasha mafuta vizuri, moto huanza kuenea, lakini mabaki ya mwisho yaliyo mbele ya moto hubanwa na kupata joto mpaka yanalipuka yenyewe kwa mara moja. Mtambo wa Kettering haukuwa na hatia. Kosa lilikuwa katika mafuta yenyewe na jinsi yalivyobanwa.

Hapa nawaomba wenye pikapu wasikilize. Maarifa hayo ndiyo yanayomwezesha fundi mzuri kutenga mlio na mlio. Ule wa changarawe, utokeao gari lipandapo na mzigo, ndio alioueleza Midgley. Fundi atatazama kama cheche imewekwa mapema mno, kama injini inapata joto kupita kiasi, kama masizi yamejaa juu ya pistoni na kupunguza nafasi, au kama petroli ni hafifu au imechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikuwa maradhi makubwa nchini kwetu, hata mwaka 2010 EWURA ikaanza mpango wa kutia alama ya siri katika mafuta ili kuwanasa wenye kufanya hivyo. Lakini mlio mzito, wa nyundo, ufuatao mwendo wa injini hata gari likiwa limesimama, huo ni wa beringi zilizokwisha. Gari la namna hiyo lizimwe papo hapo, maana hakuna petroli itakayoliponya. Tena mwinuko una kazi yake. Arusha iko yapata mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Pikapu iliyonyamaza hapa yaweza kuanza kugonga ikiteremka Tanga, wala hakuna kilichoharibika njiani.

Turudi Dayton. Kutafuta dawa kulianza kwa kichekesho. Kettering na Midgley walikumbuka ua la porini lenye majani mekundu kwa chini, lichanualo theluji ikiwapo bado, wakadhani labda wekundu hushika joto. Midgley alikwenda stoo kutafuta rangi nyekundu, akakosa, akachukua iodini. Injini ikanyamaza! Kisha akajaribu rangi nyekundu za kweli, na hakuna hata moja iliyofaa. Dhana ilikuwa ya upuuzi, lakini jaribio lilikuwa la haki, na jaribio ndilo alilolifuata. Alijaribu kitu baada ya kitu kwa miaka. Kimoja kilinuka vibaya hata watu wakamkimbia. Mwishowe aliongozwa na jedwali la elementi mpaka kwenye risasi, madini yale yale yaliyomo katika betri ya gari. Tarehe 9 Desemba, 1921, kiasi kidogo sana cha dawa ya risasi kilimaliza kugonga kabisa. Tarehe 2 Februari, 1923, petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini Dayton. Iliitwa Ethyl, na neno risasi halikutajwa katika jina.

Sumu ya risasi ilijulikana tangu zamani. Midgley mwenyewe iliingia mwilini, akaenda Florida mwaka 1923 kupumzika. Mwezi wa Oktoba 1924, wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kupatwa na wazimu, na wengine wengi wakalazwa. Tarehe 30 ya mwezi huo Midgley aliwaita waandishi wa magazeti, akajimwagia dawa ile mikononi na kuivuta puani kwa dakika nzima, apate kuonyesha kwamba haina madhara. Mimi naona vigumu kumsamehe kwa siku hiyo. Alikwisha kujua kwamba spiriti nayo huzuia kugonga. Ila spiriti kila mtu aliweza kuitengeneza. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925, yakarudishwa mwaka 1926, na dunia ikavuta moshi wa risasi.

Baadaye alivumbua gesi ya majokofu isiyowaka wala kuua, ambayo miaka mingi baada ya kifo chake ilionekana kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1940 alipooza kwa polio. Akajitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani, na tarehe 2 Novemba, 1944, akakutwa amekufa, amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55, na mwaka huo alikuwa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani.

Nchi za Afrika kusini ya Sahara, Tanzania ikiwamo, ziliacha petroli ya risasi mwisho wa mwaka 2005, kwa msaada wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani. Pampu zake ziliacha kuiuza Julai 2021, miaka 98 tangu ile ya Dayton.