Shaaban Robert, Karani Aliyetuachia Riwaya

Katika mazungumzo yetu ya huku Ghuba halikosi kuzuka swali moja. Mjukuu anakizungumza Kiswahili vizuri nyumbani, anamsikia bibi yake na kumjibu, lakini ukimpa ukurasa wa Kiswahili ausome anakwama kwenye mstari wa pili, kwa sababu shuleni hakuna ila Kiarabu na Kiingereza. Wazee wanauliza waanze na kitabu gani. Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: anzeni na Shaaban Robert. Lakini ni vyema kwanza mtu huyu mumjue, maana vitabu vyake havitenganiki na maisha yake.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wengi hushangazwa na jina lake, na sisi tuliosomeshwa na wamisheni tulizoea kuulizana darasani kama alikuwa mwenzetu wa kanisani. Sivyo. Alikuwa Mwislamu, na Robert ni jina la baba yake. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, na lugha aliyoitumikia maisha yake yote ni hii yetu.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Katika kazi hiyo alidumu mpaka 1944. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, bara, mbali na pwani aliyoizoea, na mwaka 1946 akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, halafu katika ofisi ya upimaji ardhi. Hakupata kuwa mkubwa wa ofisi. Mtu mweusi katika zama zile, hata awe na akili namna gani, alikuwa na kiwango chake cha kukomea, na juu ya hapo palikuwa pa wengine.

Mimi nami nimekula mkate wa ukarani mpaka nikastaafu, na ninaijua kazi hiyo. Kutwa nzima unaandika maneno ya watu wengine: barua si yako, amri si yako, sahihi ya chini si yako. Ukirudi nyumbani jioni mkono umechoka na hutaki kuiona kalamu. Shaaban Robert alirudi nyumbani akaishika kalamu ile ile, akaandika yake. Vitabu zaidi ya ishirini vilitoka katika saa hizo za jioni, mashairi, insha, tenzi na riwaya.

Msiba ulimfika mapema. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akimwachia watoto wadogo. Yeye alifanya jambo ambalo kila mzazi aliye ugenini angefaa kulifikiri: aliwaandikia watoto wake. Katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, mna utenzi wa nasaha kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe. Hakuwa na mali ya kuwarithisha, akawarithisha maneno yaliyopangwa vizuri kwa lugha yao wenyewe.

Sasa nije kwenye riwaya. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama anajitetea kwa siku sita, akieleza habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali wakaleta maarifa mema, na malipo yao yakawa kifungo. Watoto huiona kama hadithi ya ajabu tu. Lakini ukikumbuka kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, utaelewa kwa nini nchi ile iliwekwa angani. Karani hawezi kumsema bosi wake waziwazi na kesho akarudi kwenye meza yake. Anaweza kusema habari za mfalme wa nchi isiyokuwepo, na wenye masikio wakasikia.

Hata hivyo, kwa mtoto anayeanza, mimi sishauri Kusadikika. Nashauri Adili na Nduguze, ya mwaka 1952. Kisa chake kimetokana na mojawapo ya hadithi za Alfu Lela Ulela, kwa hiyo watoto waliokulia huku hawatajiona wageni ndani yake. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanaomfanyia uovu kisha wanageuzwa manyani, naye analazimishwa na jini kuwapiga kila usiku huku moyo unamuuma. Kitabu ni chembamba, visa vinakwenda mbio, na majina yenyewe yanamfundisha msomaji tabia za wahusika.

Cha pili nashauri Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958. Si riwaya, lakini unasomeka kama riwaya. Ni maisha ya mtoto wa Fumba aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini Unguja, akapanda mpaka sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Kwa familia zenye asili ya Unguja, kitabu hiki ni cha kusomwa na bibi na mjukuu pamoja. Bibi ataeleza mitaa na nyimbo, mjukuu atasoma.

Baada ya hapo ndipo Kusadikika, kisha Utubora Mkulima, habari ya mtu anayeacha kazi ya mshahara mzuri mjini akaenda kulima shamba. Wale tuliokaa miaka mingi kwenye kazi za mshahara itatugusa kuliko vijana. Kufikirika iwe ya mwisho, maana inataka subira.

Utubora na Kufikirika yeye hakuziona vitabuni. Alipata sifa, ikiwemo Tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya M.B.E., lakini vitabu havikumpa utajiri, na alisumbuka sana kupata wachapaji. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na yeye akafariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Kufikirika ilitoka 1967, na Utubora Mkulima mwaka uliofuata.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa matumizi. Msimpe mtoto kitabu mkamwacha peke yake. Kurasa mbili kila usiku, kwa sauti, mtu mzima akiwa kando na kamusi. Maneno mengine ni magumu hata kwetu, lakini mengi yana asili ya Kiarabu, na huenda mtoto wa Maskati au Dubai akayatambua kabla yako. Mwacheni akufundisheni. Na anayekwenda Unguja au Dar es Salaam likizoni, badala ya kurudi na sanduku la achari na kanga tupu, aweke nafasi ya vitabu viwili vitatu.