Janani Luwum: Hakukimbia, Wala Hakuchukia

Andiko la kusoma: Danieli 6:1-23



Sisi wa Vanga twajua kubanwa. Chombo kikirudi mara tatu bila samaki, wenzako wanataka kiende kikafanyiwe dawa kwa mganga, na mchango wako unangojewa. Kijana wa bodaboda anaambiwa apitishe mzigo usiku kwa njia za panya kutoka ng'ambo ya mpaka, mara moja tu, apate pesa ya wiki nzima. Ukikataa, unaambiwa wajifanya malaika. Hapo ndipo Mkristo anapoulizwa yeye ni nani, si Jumapili kanisani tukiimba. Wiki hii tumtazame mtu aliyeulizwa swali hilo na watu wenye bunduki.

Janani Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi. Babake alikuwa mwalimu wa kanisa, lakini mali haikuwako. Janani alichunga mifugo mpaka akawa kijana wa miaka kama kumi, ndipo akaanza shule. Alisoma kwa bidii, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Kanisani alikuwa akienda, jina la Kikristo alikuwa nalo, lakini wokovu bado.

Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka. Ulikuwa wakati wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wenyewe Waganda waliuita wa Balokole, yaani waliookoka. Tangu siku hiyo hakuona haya kushuhudia. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha theolojia cha Buwalasi, na mwaka 1956 akawa kasisi wa Kianglikana. Si kanisa letu, lakini damu iliyomwosha ni hiyo hiyo iliyotuosha sisi. Akasoma Uingereza, akarudi, akawa mkuu wa chuo kile kile cha Buwalasi. Mwaka 1969 akawa askofu wa kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Lakini angalia alichukua kiti wakati gani. Idi Amin alikuwa ametwaa serikali Januari 1971. Wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa. Watu walichukuliwa majumbani na hawakuonekana tena. Wajane na mayatima wakawa wanabisha mlango wa kanisa.

Askofu Luwum alifanya nini? Hakuanza kwa kupiga kelele. Alienda mwenyewe kwa miguu yake kwenye ofisi za usalama, zile ambazo wengine waliogopa hata kupita karibu, kuwaulizia waliokamatwa. Alikutana na Amin uso kwa uso. Alihudhuria shughuli za serikali, mpaka Wakristo wengine wakamsema kwamba amejiweka upande wa serikali. Hebu fikiria maumivu hayo: serikali inakushuku, na ndugu zako nao wanakushuku. Yeye alishikilia kwamba rais ni mtu wa kuombewa na kuambiwa ukweli. Yote mawili.

Na hapa tusikosee, wapendwa. Amin alikuwa Mwislamu, lakini hii haikuwa vita ya Wakristo na Waislamu. Waislamu pia waliuawa. Mwaka 1976 Luwum alikaa na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu kuzungumzia mateso ya watu, na Amin akakasirika. Sisi huku twaishi na majirani Waislamu, twazikana na twatembeleana wagonjwa. Kusimama katika imani yako hakudai umchukie jirani yako.

Usiku wa manane wa tarehe 5 Februari 1977, wanajeshi walivunja ua wakaingia nyumbani kwake. Walimwelekezea bunduki, wakidai ameficha silaha. Wakapekua nyumba nzima. Hawakupata kitu. Angeweza kunyamaza baada ya hapo, na nani angemlaumu? Yeye na maaskofu wenzake walikutana, wakamwandikia Amin barua, wakaeleza waziwazi juu ya mauaji na uonevu unaofanywa na vyombo vya serikali. Wakaweka sahihi zao. Rafiki zake walimsihi akimbie. Mpaka wa Kenya haukuwa mbali. Alikataa kuwaacha kondoo.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile. Silaha zilikuwa zimepangwa uwanjani, na maneno ya kumshtaki Luwum kuwa msaliti yakasomwa mbele ya wanajeshi, nao wakapiga kelele auawe. Wengine wote wakaruhusiwa kwenda nyumbani, yeye akabakizwa. Maaskofu wawili, Festo Kivengere na Silvanus Wani, walimngoja nje mpaka wakafukuzwa kwa bunduki.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Waganda hawakuamini, manake waliouona mwili waliona matundu ya risasi. Serikali haikuutoa mwili uzikwe Kampala. Ulipelekwa Mucwini, ukazikwa huko alikozaliwa.

Lakini Jumapili iliyofuata maelfu walifurika kanisa kuu la Namirembe. Kaburi lilikuwa limechimbwa, na halikuwa na mtu ndani. Lilikuwa karibu na la Askofu Hannington, yule aliyeondoka hapa Pwani, Rabai, mwaka 1885 akauawa Busoga. Watu walisimama penye kaburi tupu wakaimba, wakakumbuka kaburi lingine lililokutwa tupu asubuhi ya Pasaka. Kivengere alitoroka nchi, na baadaye akaandika kitabu juu ya kumpenda Amin aliyewaua ndugu zake. Amin akaanguka 1979. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Tunajifunza nini? Luwum hakupata ujasiri siku ile ya hotelini. Aliupata kidogo kidogo, kila alipobisha mlango wa ofisi kumuulizia mtoto wa mwenzake. Danieli vilevile: alikuwa na desturi ya kuomba kabla tundu la simba halijatajwa. Wewe unayeombwa mchango wa mganga leo, au kubeba mzigo wa magendo usiku huu, usidhani ni jambo dogo. Hapo ndipo unajengwa au unabomolewa. Kataa kwa upole, bila matusi, kisha kesho mwende baharini pamoja.

Kwa vikundi vya nyumbani: Wiki hii, ni wapi ulinyamaza ili usitambulike kuwa umeokoka? Ni nani anayeonewa, ambaye waweza kwenda kumuulizia?

Tuombe: Bwana, tupe moyo usiokimbia, na usiochukia. Katika jina la Yesu. Amina.