Tom Mboya: Sura Iliyofichwa na Sura Iliyoanikwa

Miongoni mwa viongozi wa Afrika Mashariki wa kizazi chake, ni wachache waliopigwa picha nyingi kama Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Machi 1960 sura yake ilipamba jalada la jarida la Time la Marekani, naye hakuwa ametimiza hata miaka thelathini. Alipigwa picha akiwa na Martin Luther King mwaka 1959, na mwaka uliofuata akiwa na John F. Kennedy. Lakini wingi wa picha si ushahidi kwamba mtu anajulikana. Maisha ya Mboya yanaonyesha jinsi mji unavyoweza kumficha mtu asionekane kabisa, kisha ukamwanika hadharani kwa namna asiyoichagua yeye mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambamo baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, katika sehemu ambayo leo ni kaunti ya Homa Bay. Hapo ndipo fumbo la utambulisho wake linapoanzia. Wenyeji wa Rusinga kwa asili ni Abasuba, Wabantu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, na ambao kwa muda wa vizazi kadhaa waliiacha Olusuba, lugha yao, wakaingia katika Kiluo. Wasuna wa Migori, walio miongoni mwa jamii hizo za Abasuba, walipitia mkondo uo huo. Kwa hiyo mtoto huyu aliyezaliwa mbali na ziwa, akakua akisikia Kikamba na Kiswahili shambani, aliandikwa Mluo katika kila daftari la serikali, nayo asili ya Kisuba ikabaki chini ya jina hilo.

Kizazi cha baba yake kilivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Kipande hicho hakikuwa na picha ya mwenyewe. Kilikuwa na alama za vidole, jina la kabila na maelezo ya mwajiri, kana kwamba uso wa Mwafrika haukuwa na habari yoyote ya kumfaa mtawala. (Si ajabu kwamba neno lenyewe limedumu, na nchini Kenya wapo wanaokiita kitambulisho kipande hadi leo.) Mboya alisoma katika shule za misheni za Kabaa, Yala na Mang'u, kisha akapata mafunzo ya ukaguzi wa afya mjini Nairobi. Mwaka 1951 aliajiriwa na baraza la jiji. Katika kitabu chake, Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963, anasimulia kisa kilichojiri katika maabara ya jiji. Mwanamke wa Kizungu aliingia akiwa na maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya peke yake kazini, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu. Mboya alimjibu kwa kumuuliza iwapo macho yake yalikuwa na hitilafu. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama kichekesho, ilhali kinaeleza hali halisi ya mji wa kikoloni, ambamo mtu mweusi mwenye cheti na wadhifa aliweza kusimama mbele ya mwenzake asionekane.

Aprili 1954 ilikuja Operesheni Anvil. Wakazi wa Nairobi walikusanywa mitaani, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Aliyefichwa uso ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumhukumu aliye wazi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa vizuizini kwa maelfu, wakiwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Mboya alibaki huru, akaliongoza shirikisho la vyama hivyo. Jina la kabila, lile lile lililokuwa limefunika asili yake, safari hii lilikuwa ngao.

Kuanzia hapo kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Alisoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Machi 1957 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Na mwaka 1959 ndege ya kwanza iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa juhudi zake. Mwaka 1961 wapiga kura wa Nairobi Mashariki walimpendelea kuliko Munyua Waiyaki, Mkikuyu, kwa wingi mkubwa. Mikutano yake ya hadhara aliihutubia kwa Kiswahili, na yamkini hiyo ndiyo lugha iliyomwezesha kuwa mtu wa Nairobi kabla ya kuwa mtu wa kabila lolote. Baadhi ya watu wa Nyanza hawakumsamehe hilo, hasa baada ya mkutano wa Limuru wa mwaka 1966 uliomng'oa Oginga Odinga katika uongozi wa KANU.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road. Mpigapicha Mohamed Amin alifika upesi na kamera zake. Kiongozi aliyejua kuukabili uso wa kamera kwa utulivu, na aliyejua thamani ya suti iliyonyooshwa vizuri, safari hii hakuwa na la kuamua kuhusu picha yake. Ulimwengu ulimwona akiwa hoi, mikononi mwa watu waliojaribu kumwokoa.

Picha hizo zilitenda jambo ambalo miaka kumi na miwili ya siasa haikulitenda. Waluo waliomwona kama mtu wa upande wa pili walimlilia kama ndugu. Wakati wa misa ya wafu katika kanisa la Holy Family umati uliurushia mawe msafara wa Rais Kenyatta, na polisi wakajibu kwa gesi ya kutoa machozi. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji na kunyongwa mwaka huo huo, lakini swali la nani alimtuma halijajibiwa mahakamani. Mgawanyiko kati ya Waluo na Wakikuyu ulizidi kuwa mkubwa, na mtu aliyewashinda wagombea kwa kura za makabila yote akageuzwa kielelezo cha kabila moja.

Alizikwa Rusinga, katika ardhi ya Abasuba. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2011 kando ya barabara hiyo hiyo, ambayo sasa inaitwa Moi Avenue, mwendo mfupi kutoka mahali alipoangukia. Amesimama, na kando ya miguu yake wamo ndege aina ya heroe.