Alidina Visram na maduka ya njia ya reli

Likitajwa jina la Alidina Visram hapa Mombasa, watu wengi hufikiri skuli. Mimi nalitaja kwa jambo jingine. Wataalamu wa uchumi watwambia kwamba njia njema ya kumwinua mfanyibiashara mdogo katika nchi changa ni kumtia chini ya jina kubwa: mwenye jina ampe bidhaa, utaratibu na sifa iliyokwisha kujengwa, na yule mdogo alete duka na jasho lake. Wengine hudhani hekima hii ililetwa na Wamarekani pamoja na soda na kuku wa kukaanga. Lakini ndugu yake wa karibu alikuwako pwani yetu kabla reli haijafika Kisumu.

Marehemu alizaliwa Kachi, nchini India, mwaka 1851, katika jamaa ya Makhoja Ismailia. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12, aliwasili Bagamoyo. Kazi alijifunza kwa tajiri Sewa Haji Paroo, ambaye misafara ya bara ilimtegemea kwa nguo, shanga, waya na wapagazi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Alidina ndiye aliyeishika biashara ile ya misafara.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha anza. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Alidina akayahamishia makao yake Mombasa, na kila reli ilipopiga hatua, naye alifungua duka. Akavuka ziwa akaingia Uganda, akafika hata kusini mwa Sudani na mashariki ya Kongo.

Basi msomaji atauliza: mtu mmoja aliwezaje kuyaangalia maduka ya mbali namna ile, na barua yachukua siku nyingi njiani? Aliwategemea wenye kukaa dukani. Baadhi yao walikuwa waajiriwa wake, baadhi mawakala, na baadhi wenye maduka yao wenyewe waliochukua bidhaa kwake kwa deni. Kutoka Mombasa zilipanda bafta, amerikani, mablanketi, chumvi na sukari. Kutoka bara ziliteremka pembe za ndovu, ngozi, pilipili, njugu, na baadaye pamba. Mwenye duka aliuza hivi akanunua vile, kisha hesabu ikafanywa. Kijana asiyekuwa na kitu alipata pa kuanzia, na aliyekuwa mwangalifu aliweza baada ya miaka kusimama kwa miguu yake. Jina la Alidina nalo lilikuwa kama benki, kwani katika miji ambayo haikuwa na benki, hata maofisa wa serikali waliyatumia maduka yake kwa mambo ya fedha.

Nimepata kusikia wazee wakiufananisha mpango huu na mudharaba tuliyosomeshwa chuoni, ambapo mmoja atoa mali na mwenziwe atoa kazi. Mimi naona si sawa. Katika mudharaba, biashara ikianguka bila ya uzembe wa mfanyaji, hasara ya mali humwangukia mwenye mali. Mwenye duka aliyechukua shehena kwa deni alibaki na deni lake, wateja wakija wasije. Tofauti hii si ndogo, na hata katika mikataba ya leo ya kukodi jina, mdogo hubeba mzigo huo huo. Atakaye kutia sahihi na aisome kwanza.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Njia zile za bara walizipita Waswahili na Wanyamwezi kabla ya reli. Walizijua bei, lugha na desturi. Reli ilipokuja, ngazi ya mkopo haikuwafikia. Alidina aliwaamini aliowajua, yaani watu wa jamaa na nchi yake, na katika hilo simlaumu sana, kwa kuwa mkopo hufuata mtu ambaye ukoo wake wajulikana. Lakini serikali ya kikoloni nayo iliweka sheria mwaka 1903 iliyomzuia mfanyibiashara asiyekuwa Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa kwa idhini. Walisema ni kumhifadhi mwenyeji. Ni nani basi angempa shehena mtu ambaye hawezi kumdai?

Alidina alifariki mwaka 1916 kwa homa. Mwanawe Abdulrasul ndiye aliyetoa mali ya kujengea skuli ile kwa kumkumbuka baba yake, naye hakuishi sana baada yake. Kampuni ikavunjika. Maduka madogo hayakuvunjika pamoja nayo, maana waliokuwa ndani walikwisha kujua wapi pa kununua na nani wa kumkopa.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na maduka yao yakagawiwa watu wengine. Waliopewa walipata kuta, rafu na vilivyokuwamo. Hawakupewa mtu wa Mombasa wa kuwapelekea shehena kwa ahadi, wala hawakufundishwa daftari. Shehena ile ilipokwisha, mengi ya maduka hayo yalibaki matupu.