Eli Janney: Karani wa duka aliyenusuru mikono ya wafanyakazi wa reli

INASIMULIWA kwamba katika karne ya 19, mtu aliyeenda kuomba kazi ya reli nchini Marekani hakuhitaji barua ya kuthibitisha uzoefu wake. Msimamizi alimtazama mikono tu. Aliyekosa kidole kimoja au viwili alijulikana mara moja kuwa ni mkongwe katika kazi ya kuunganisha mabehewa.

Aliyetafuta dawa ya balaa hilo hakuwa mhandisi wala mfanyakazi wa reli. Alikuwa karani katika duka la vitambaa, kwa jina Eli Hamilton Janney.

Janney alizaliwa mwaka wa 1831 katika wilaya ya Loudoun, jimbo la Virginia. Alikulia shambani, akapelekwa New York kusoma katika seminari ya Cazenovia, kisha akarejea kwao kulima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, alijiunga na jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Alihudumu katika idara ya ugavi na kufikia cheo cha meja.

Kusini ilishindwa mwaka wa 1865, na Janney akatoka vitani akiwa amefilisika. Akahamia mji wa Alexandria na kuajiriwa dukani. Huko ndiko alikoanza kulitafakari tatizo lililowashinda mafundi wengi: namna ya kuunganisha behewa na behewa, au behewa na injini, bila mtu kusimama katikati yake.

Wakati huo mabehewa yaliunganishwa kwa pete ndefu ya chuma na pini. Mfanyakazi alisimama kati ya magari mawili, moja likisukumwa na injini kuelekea jingine. Aliishika ile pete kwa mkono, akaielekeza kwenye tundu la behewa la pili, kisha akadondosha pini ili kuifunga. Iwapo angechelewa kuutoa mkono japo kwa nukta moja, chuma kilikutana na chuma, na mkono ukiwa katikati.

Madhara hayakuishia hapo. Pete hizo zililegea, hivyo treni ilipoondoka au kusimama, mabehewa yalivutana na kugongana kwa kishindo. Pini ilipokatika, treni iligawanyika vipande viwili. Kipande cha nyuma kiliweza kuteremka mlimani bila dereva, kikagonga kilichokuwa mbele na kuyaangusha mabehewa nje ya reli. Aidha, vyuma vya kuunganishia havikuwa na kimo kimoja, kwani kila kampuni ilitengeneza vyake ilivyopenda.

Janney alipata hataza yake ya kwanza mwaka wa 1868, lakini kifaa hicho hakikumridhisha. Akachukua kisu kidogo na kuchonga mfano wa mbao, akiurekebisha hadi akapata umbo alilolitaka. Aprili 29, 1873, alipewa hataza nambari 138,405, nayo ndiyo iliyolipa jina lake umaarufu.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleweka. Kunja vidole vya mkono mmoja, uvikutanishe na vya mkono wa pili vilivyokunjwa vivyo hivyo, kisha uvute. Vitashikana. Kiungo cha Janney kilikuwa na kidole cha chuma kinachozunguka kwenye bawaba. Magari mawili yalipogusana, vidole vilijifunga vyenyewe na kukazwa kwa komeo la ndani. Ili kuyatenganisha, mfanyakazi alivuta mtaimbo akiwa amesimama kando ya behewa.

Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilikijaribu katika miaka ya 1870 na kukiweka kwenye mabehewa yake ya abiria. Mabehewa ya mizigo, ambako vifo vilikuwa vingi, yaliachwa na pete zake. Wenye reli walilalamikia gharama, na wavumbuzi wengine nao walijitokeza na maelfu ya hataza zao. Hakuna aliyetaka kuanza ilhali jirani yake angebaki na kifaa kisichoshikana na chake.

Chama cha wajenzi wa mabehewa hatimaye kilichagua mtindo wa Janney kuwa kigezo mwishoni mwa miaka ya 1880. Hata hivyo, kulikuwa na kikwazo: umbo la kidole hicho lililindwa na hataza. Janney na washirika wake wakakubali kuiachilia haki ya umbo hilo, ili kiwanda chochote kiweze kutengeneza kiungo kitakachoshikana na kingine. Pasipo uamuzi huo, kigezo kingebaki karatasini.

Hata baada ya hapo, kampuni nyingi zilisuasua. Katika mwaka mmoja tu, ulioishia Juni 1889, karibu wafanyakazi 2,000 wa reli za Marekani waliuawa kazini na zaidi ya 20,000 kujeruhiwa. Maelfu kati yao waliumia wakiunganisha mabehewa. Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa aliyekuwa kamishna wa reli wa jimbo hilo, alizunguka nchini kwa miaka akidai sheria. Machi 2, 1893, Rais Benjamin Harrison alitia sahihi sheria iliyolazimisha viungo vya kujifunga na breki za hewa. Kimo cha kiungo nacho kikawekwa kuwa inchi 34 na nusu kutoka reli kwa njia za upana wa kawaida.

Sheria ilijaribiwa mapema. Mwaka wa 1900, mfanyakazi aitwaye Johnson alipondwa mkono katika jimbo la Utah akiunganisha injini na behewa la mkahawa. Injini ilikuwa na kiungo cha Janney, behewa likawa na ndoano ya Miller. Kila kimoja kilijifunga chenyewe kwa mwenzake wa aina yake, lakini viwili hivyo havikushikana. Mahakama ya rufaa iliitetea kampuni. Mnamo 1904 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria ilihusu injini pia, na kwamba viungo visivyoshikana bila mtu kuingia katikati havijatimiza matakwa yake.

Janney alifariki Alexandria Juni 1912, akiwa na umri wa miaka 80. Viungo vya jamii ya chake vingali vinavuta treni za mizigo Marekani, Kanada na China, nchi ambayo viwango vyake vilifuatwa kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Hata wanaounda treni ndogo za kuchezea hukiiga, nao hugundua yaleyale: viungo vikitofautiana kimo, treni huachana au huacha njia.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole cha chuma cha Janney nacho kilikaa miaka 20 bila kuwafaa waliokihitaji zaidi, hadi sheria ilipolazimisha kila behewa liwe na chake.