Nduna Songea Mbano: Shujaa wa Ungoni Anayetafutwa kwa Majina Mengi

Milima ya Matogoro, iliyoinuka mashariki mwa mji wa Songea mkoani Ruvuma, ndiyo chimbuko la Mto Ruvuma unaotenganisha Tanzania na Msumbiji. Katika nchi inayotazamana na milima hiyo ndiko alikoishi na kuongoza Nduna Songea Mbano, kiongozi wa kijeshi wa Wangoni ambaye mji huo umerithi jina lake.

Zaidi ya karne moja imepita tangu aliponyongwa na wakoloni wa Kijerumani, lakini maziko yake yanahesabiwa kuwa hayajakamilika. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo wake na ya wazee wa Kingoni, kaburi lake lililopo Songea halina kichwa, kwani kichwa hicho kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Wangoni walifika katika eneo hilo katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika. Chini ya Zwangendaba walivuka Mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika. Waliotulia Ungoni waliunda tawala mbili: Mshope, chini ya ukoo wa Tawete, na Njelu, chini ya ukoo wa Gama. Katika utawala wa Njelu, nkosi alikuwa mtawala mkuu, na manduna walikuwa wasaidizi wake walioongoza maeneo na vikosi vya vita. Miongoni mwao, Songea Mbano alipata nguvu na heshima kubwa.

Wajerumani walipofika mwaka 1897 walijenga boma lao karibu na makazi ya nduna huyo, nao mji uliokua kulizunguka boma ukaitwa kwa jina lake. Viongozi wa Wangoni walilazimishwa kuutambua utawala mpya. Miaka iliyofuata ilileta kodi, kazi za kulazimishwa na kudhoofishwa kwa mamlaka ya jadi.

Vita vya Majimaji vilipoanza katika Milima ya Matumbi mwezi Julai 1905, habari za maji ya kinga zilienea kuelekea kusini na kufika Ungoni katika miezi iliyofuata. Watawala na manduna wa Kingoni, Songea Mbano akiwa miongoni mwao, waliingia vitani. Oktoba 1905, kikosi cha Wajerumani kiliishambulia kambi ya Wangoni huko Namabengo, na imani katika maji ikavunjika mbele ya bunduki za rashasha. Tangu hapo mapambano yakawa ya kuvizia. Wajerumani nao wakachoma vijiji na kuteketeza chakula, na njaa ikaua watu wengi zaidi ya risasi. Pango la Chandamali, mjini Songea, hadi leo linatajwa kuwa maficho ya nduna katika kipindi hicho.

Songea Mbano alikamatwa mwanzoni mwa mwaka 1906. Tarehe 27 Februari mwaka huo, Nkosi Mputa Gama na wapiganaji wengine zaidi ya 60 walinyongwa na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea kwa sababu ya ushawishi wake, naye akakataa kuishi huku wenzake wamekufa. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Makaburi hayo yapo katika eneo la Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, ambako mashujaa hao hukumbukwa kila Februari.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo, akakutana na wazao wa nduna, akaomba radhi na kuahidi ushirikiano katika kukitafuta kichwa hicho.

Utafutaji wa aina hiyo huanzia katika madaftari ya kale na kanzidata za makumbusho. Ugumu wa kwanza uko katika majina. Karani wa Kijerumani aliweza kuandika Ssongea badala ya Songea, au Rovuma badala ya Ruvuma. Wangoni waliandikwa pia Angoni, na katika baadhi ya maandishi ya Wazungu wa wakati huo wakaitwa Magwangwara. Anayetafuta neno moja tu anaweza kuikosa rekodi iliyopo mbele yake. Akidai rekodi yenye majina yote kwa pamoja, ataambulia patupu, kwa kuwa si rahisi karani yeyote awe aliyaandika yote katika kadi moja. Njia inayofaa ni kuorodhesha majina hayo na kuomba kila rekodi yenye angalau moja kati yake.

Wavu mpana huo huleta pia visivyohusika. Wangoni wapo Malawi, Zambia na Msumbiji, na Songea ni jina la mtu, la mji na la wilaya. Kwa hiyo majina yote hufungwa kwanza kuwa kundi moja, kisha masharti mengine huwekwa juu ya kundi zima: mabaki ya mwanamume mtu mzima, yaliyopokelewa baada ya mwanzo wa mwaka 1906. Hata hapo, fuvu lenye neno Songea laweza kuwa la yeyote kati ya waliokufa wilayani humo. Vinasaba vya wazao ndivyo vinavyoweza kuthibitisha.

Kwamba kazi hiyo inawezekana kumedhihirika. Mwaka 2023, taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu 202 yalibainika kutoka Tanzania ya leo, na vinasaba vya matatu kati yake vilioana na vya watu walio hai nchini, wakiwemo wazao wa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa mwaka 1900, hakikutambuliwa miongoni mwa hayo.

Kwa ukoo wa Mbano, mfano huo una tumaini na tahadhari. Rekodi isiyopatikana leo kwa jina moja yaweza kupatikana kesho kwa jingine, na rekodi inayopatikana bado inahitaji kuthibitishwa kabla ya kaburi kufunguliwa. Hadi siku hiyo, mji ulio chini ya Matogoro unaendelea kulibeba jina la nduna, na kaburi lake linaendelea kusubiri.