Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944 – Januari 1979) alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo kutoka Tanzania. Alipata umaarufu na Morogoro Jazz, bendi iliyopiga hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 aliiacha akaunda bendi yake, Super Volcano.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi ili kuzirusha hewani. Aliyetaka santuri zake zifike madukani alitegemea makampuni ya Nairobi. Ndiyo maana Mbaraka, mtunzi wa "Shida", alipendwa Kenya kama nyumbani. Alifariki huko huko, kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34 tu. Baadaye nyimbo zake zilitolewa Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho.